Mchanga wa Ziwani kwenye Gari la Papa

Enzi zetu, mtoto wa kike wa Kalemie alijulikana kwa sufuria zake. Kila jioni tulishuka ziwani na mabeseni kichwani, tukachota mchanga laini wa ukingoni, tukauchanganya na majivu na kusugua masizi mpaka sufuria ikatuonyesha meno yetu wenyewe. Ukimaliza ndipo unaruhusiwa kucheza nzango, kuruka na kurusha miguu mpaka vumbi likufike magotini, halafu kula bukari na ndagala, yaani ugali na dagaa wa ziwani, halafu kulala. Mama alikuwa akisema hakuna uchafu unaoshinda mchanga. Nilimwamini, na hilo ndilo lililoniponza.

Papa, baba yetu, alikuwa karani bandarini. Alikuwa na gari dogo jeusi lililovuka ziwa kutoka Kigoma likiwa limeshazeeka. Avenyu yetu nzima ilikuwa na magari mawili, na hilo la pili halikuwa na magurudumu. Yaya Josefina, dada yangu mkubwa, alipochumbiwa, Papa aliwaahidi wakwe kwamba binti yake atafika kanisani kwa gari la baba yake, si la kuazima. Siku moja kabla ya harusi nililiona gari lina matope ya mvua. Nilikuwa na miaka tisa na hakuna aliyenituma. Nikachukua beseni langu la mchanga, nikasugua boneti na milango miwili ya kushoto kwa nguvu zangu zote. Likiwa bado na maji liling'aa ajabu, nikakimbia kumwita Papa aje aone.

Tulipofika lilikuwa limeshakauka. Weusi wote ulikuwa umefunikwa na mistari myembamba kama nywele, maelfu kwa maelfu. Papa aliinama, akapitisha ukucha juu yake taratibu.

"Njo weye ulifanya hivi?"

Niliitika kwa kichwa. Uani kulijaa wageni kutoka Moba na Kongolo, na mbele yao asingeweza kunichapa. Akanisogelea sikioni.

"Acha bageni baende kwanza. Tutaonana."

Wenzangu wa rika langu mnaijua sentensi hiyo. Fimbo huuma ikaisha, lakini maneno hayo yanakutafuna mpaka usingizini.

Papa alilisukuma gari kivulini, akaliosha upya. Ukucha ukinasa, alisema, mkwaruzo ni wa kina, achana nao. Usiponasa, dawa ya meno inatosha. Akaomba dawa ya meno nyumba kwa nyumba, ile nyeupe. Alipaka kidogo kwenye kitambaa laini chenye unyevu, akazungusha polepole, eneo la kiganja kimoja kwa wakati, akafuta kabla haijakauka. Kufikia jioni boneti ilikuwa imepona. Milango ilibaki na ukungu, kwa hiyo kesho yake gari liliegeshwa ubavu wa kushoto ukielekea ukuta wa kanisa, na picha zote zikapigwa upande wa kulia. Bibi harusi mwenyewe alikuwa amesugua meno kwa chumvi na mkaa, maana avenyu nzima haikuwa na dawa iliyobaki.

Wageni wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, na kila mmoja alipofunga mzigo nilihesabu waliobaki. Mwishowe akabaki Tantine Martha, dada yake Papa, aliyekuwa akingoja boti la Moba, ili kutoka huko apande mlimani kwake Kirungu. Nilimganda. Nilimbebea maji, nilimkanda miguu, nilisali boti lisije.

"Huyu mutoto ananipenda sana," aliwaambia watu, "ananifuata mupaka ku choo."

Mungu alinisikia wiki tatu tu. Boti likaja, Tantine akaenda, na Jumamosi iliyofuata Papa akaniita.

"Kuya hapa."

Nilivaa suruali mbili chini ya gauni nikaenda. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mlango wa gari, ameshachana singlendi yake ya zamani vipande viwili. Akanipa kimoja.

"Polepole. Zungusha. Usikandamize."

Siku hiyo tulisafisha eneo la ukubwa wa sahani, na Jumamosi nyingine eneo jingine. Milango ile ilituchukua miezi. Akisugua, Papa alinisimulia Kongolo alikozaliwa, na taa ya baba yake aliyoivunja akamsingizia paka. Nilicheka, lakini sikio langu moja lilibaki macho, nikingoja ile adhabu. Sikujua kama ndiyo hii au bado inakuja. Nilizipenda Jumamosi zile na kuziogopa. Papa ametutoka sasa na sikuwahi kumwuliza. Jambo hilo halinipi raha mpaka leo.

Leo asubuhi binti yangu Gracia, ana miaka kumi na sita, amelikwaruza gari langu kwa kifungo cha mkoba wake. Hakuvaa suruali mbili wala hakutafuta shangazi wa kujificha nyuma yake.

"Mama, nimekwaruza gari lako, lakini si kitu. Ni ya juu-juu tu."

Moyo uliniruka, na nakiri, haikuwa hasira. Nikaingia ndani haraka, nikachana fulana ya zamani vipande viwili, nikatafuta dawa ya meno, nikatafuta na kigoda. Nilipotoka alikuwa anafunga kichupa fulani cha dawa ya mikwaruzo ya dukani, simu ikimwonyesha namna ya kufanya.

"Nilishamaliza. Angalia."

Nikapitisha ukucha. Hakuna kitu. Ameifanya kazi vizuri kuliko Papa, na chai yangu ilikuwa bado ya moto. Watoto wa leo hawatajua kungoja wageni waende, na sijui kama niwaonee wivu au huruma. Ameshapanda pikipiki, amekwenda kwa rafiki zake. Mimi nimelizunguka gari mara tatu sasa, vitambaa viwili mkononi, natafuta hata mkwaruzo mmoja wa kumwitia.