Unywele Chini ya Karatasi

Kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, mke wangu Idella alikuwa aking'oa unywele mmoja kichwani mwake, anaulaza juu ya meza ya jikoni, anaufunika kwa ukurasa wa katalogi ya bidhaa, kisha anafumba macho na kuutafuta kwa ncha za vidole. Akiupata, anaongeza ukurasa. Ndivyo yeye na wenzake walivyofundishwa chuo cha udaktari kule Kirksville, na maisha yetu yote ya ndoa nilikula mayai yangu nikiizunguka katalogi hiyo. Ole wako uitikise meza.

Alikuwa daktari wa osteopathi, wale wanaotibu kwa mikono. Wakulima wa barabara yetu walimletea migongo, lakini yeye moyo wake ulikuwa kwenye vichwa. Anakulaza chali, anaketi nyuma yako, anakushika fuvu kwa viganja viwili, uzito wa sarafu ya senti tano tu, basi. Hakandi wala havuti. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, kwangu kushika ni kushika. Kama kweli mifupa ya kichwa inacheza kama alivyoamini, sijui mpaka leo. Nilichokiona ni watu walioingia wamekunja nyuso wakatoka wamelegea, na wengine walikoroma palepale.

"Sasa muda wote huo umekaa kimya unafanya nini?" nilimuuliza zamani.

"Nangoja. Usipohisi kitu, ngoja. Kitakuja."

Maneno hayo aliwaambia wote, hata wakawa wanataniana nayo kanisani chakula kikichelewa.

Majira ya baridi ya mwaka ule, 1952, nilifunua katalogi nikakuta unywele mweusi, mnene. Kichwa cha Idella kilikuwa kimeshakuwa cheupe.

"Huu umetoka mkiani kwa Dolly," nikasema. Dolly ni farasi wetu mzee.

"Kula mayai yako, yanapoa."

"Idella."

"Nimesema kula, mzee. Huna ng'ombe wa kukamua wewe?"

Sikuendelea, lakini tangu siku hiyo niliingiwa na hofu isiyotoka. Nilimwona akihangaika na vifungo vya koti. Nilimwona ameshika sufuria ya moto bila kushtuka, mpaka nikaipokonya mwenyewe. Sikuogopa njaa, ng'ombe walikuwepo. Niliogopa siku atakapowekewa mikononi kichwa ambacho asipokihisi, mtu atakufa. Aliyeficha ni yeye, na usingizi ukanikimbia mimi.

Siku yenyewe ilikuja mchana, theluji imefika magotini. Nadine Pruitt, mke kijana wa shamba la jirani, aliingia na mwanawe wa kwanza, Roscoe, mtoto wa wiki chache. Nyuma yake mama mkwe wake, Hester, mwanamke ambaye hata Mungu akinyamaza yeye humalizia.

"Mtoto kalia tangu juzi, leo ndo katulia," Hester alisema akijikung'uta theluji. "Mimi nimemwambia, mtoto akitulia we shukuru. Lakini hawa wasichana wa siku hizi! Haya, nikasema twende kwa Daktari amshike kichwa, nasi tupumzike."

"Hanyonyi, Daktari," Nadine alisema kwa sauti ndogo. "Anashika titi, anaachia. Na nikimwamsha haamki vizuri."

Idella akamlaza mtoto mezani karibu na jiko, akakipokea kichwa kwa viganja, akafumba macho.

Jiko lilikuwa limewaka sana, sote nyuso zimetuiva, na joto la mtoto nani angelijua. Nilisimama mlangoni, glavu mkononi. Kimya kikawa kirefu. Kikazidi.

"Unaona?" Hester alimnong'oneza mkamwana. "Anasikiliza. Usimsumbue."

Mimi nilikuwa naitazama midomo ya mke wangu. Ilikuwa imekauka. Vidole vyake vilisogea kidogo utosini mwa mtoto, vikarudi, vikasogea tena. Alikuwa anautafuta ule unywele.

Mtoto akatoa kilio chembamba cha juu sana, kisha akanyamaza ghafla. Idella akafumbua macho.

"Emmett. Nawa mikono, uje."

"Huyo wa ng'ombe?" Hester akaruka.

"Huyo huyo."

Nilinawa maji ya moto. Idella akamwinua mtoto wima, akakiongoza kidole changu kwenye ule utosi chini ya nywele nzito. "Niambie."

"Umekaza," nikasema. "Umetutumka. Kama kiwele cha ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa."

Idella alikwenda moja kwa moja ukutani kwenye simu. Barabara yetu nzima ilikuwa na laini moja, na simu ikipigwa nyumba moja, mikonga ya simu inainuliwa kote wasikilize. Nilisikia ile mibofyo, mmoja baada ya mwingine. Akaiambia hospitali ya mji wa pili kwamba analeta mtoto mwenye dalili za homa ya uti wa mgongo, watayarishe sindano.

"Haendi popote!" Hester alikuwa ameshamkumbatia mjukuu wake. "Kwa theluji hii? Atakufa njiani! Umetutibu wangapi hapa, Idella? Mimi mwenyewe taya langu nani alilirudisha? Rudisha mikono yako hapa. Ngoja. Si ndivyo unavyosema? Ngoja, kitakuja!"

Na Nadine, maskini, alimtazama Idella kwa imani ileile. Hapo ndipo nilipoelewa tulivyonaswa. Jina lake jema lilikuwa limesimama mlangoni likiwazuia wasitoke.

Nadhani na yeye alielewa. Mkonga ulikuwa bado mkononi, na barabara nzima ilikuwa upande wa pili ikipumua.

"Hakitakuja, Hester," alisema. "Vidole vyangu vimekufa. Tangu mavuno sihisi kitu. Nimemshika mtoto wako hapa, Nadine, nimefumba macho, nimengoja, na sikuhisi lolote. Nimempotezea muda. Usiniamini. Vaa koti."

Sijawahi kusikia kimya kama kile kwenye laini ile ya wambeya. Kisha sauti ya mzee mmoja ikakwaruza mkongani: "Daktari, nawasha trekta. Nitawafungulia njia mpaka darajani."

"Kuanzia darajani niachieni mimi," mwingine akadakia.

Nadine akamchukua mwanawe mikononi mwa Hester. Hester hakubisha tena, alikaa chini kama gunia.

Tulifika. Walimchoma mtoto sindano uti wa mgongo, wakamwekea penisilini, na daktari wa zamu akatwambia tu kwamba la maana tumekuja, mengine ni kusubiri. Nadine alisubiri siku nyingi. Sisi tulirudi nyumbani kusubiri karibu na simu, na mara hii hata jirani mmoja hakuigusa laini bila sababu.

Meza ya Idella ikabaki tupu. Hakuna aliyemsema vibaya, ila migongo ilipata njia nyingine. Katalogi aliichana mwenyewe kuwashia jiko, na mimi, niliyekuwa nikiilalamikia, nikawa nashindwa kula mayai.

Theluji ilipoyeyuka, Nadine alikuja kwa miguu. Roscoe alikuwa amenenepa, anapiga kelele zake. Akamnyooshea Idella mtoto.

"Mshike, Daktari."

"Sitahisi kitu, mwanangu. Nilishawaambia."

"Nilisikia. Mshike hivyo hivyo."

Idella akaficha mikono chini ya aproni. Nadine hakumngoja. Alimwegemeza mtoto begani kwa Idella, kichwa kikamwangukia shavuni, na mke wangu akasimama hivyo kwa muda, bila kujitikisa. Halafu akageuza uso taratibu, akalilaza shavu lake juu ya utosi wa mtoto, akafumba macho.

Hata kiti sikukisogeza.

"Laini," akasema. "Emmett, ni laini. Unadunda."