Bunduki ya Mkono wa Kike

Siku ya kwanza ya mafunzo ya bunduki, mwalimu alituuliza mmoja mmoja tunatumia mkono gani. Mimi, mwanamke mzima, dereva wa basi la shule hapa Toronto kwa miaka kumi na moja, nikajibu upesi: "Wa kulia." Nilijibu kama mtoto aliyeona fimbo, na hasira ya jibu lile haijanitoka mpaka leo.

Kisu nakishika kwa kushoto. Nyundo kwa kushoto. Jiwe nalirusha kwa kushoto. Lakini kwetu Tanga, tangu nina miaka minne, mama aliufunga mkono huo kiunoni kwa kipande cha kanga kila wakati wa chakula, mpaka ukasalimu amri. Aliuita mkono wa kike, kama walivyouita wote. Ule mwingine ulikuwa wa kulia chakula. Kwangu ulikuwa wa kulia machozi.

Basi nikafyatua kwa mkono wa kulia, na risasi zangu zikaenda zinakotaka. Dereva mwenzangu, mama mmoja mwenyeji wa kaskazini aliyeniingiza kwenye kikundi chake cha wawindaji, alisimama nyuma yangu akaniangalia. "Jicho lako linalolenga ni la kushoto," akasema. "Nani alikudanganya wewe ni wa kulia?"

Jina langu lilikuwa limetoka kwenye bahati nasibu ya vibali vya kuwinda elki. Elki ana pembe kama matawi na uzito wa ng'ombe. Mama, anayeishi nasi hapa mjini, mtaa wa North York, alimwita pofu wa Wazungu, akimfananisha na yule swala mkubwa wa mbuga za kwetu. Kukosa kabisa hakukunitisha. Kilichoninyima raha ni kumpata nusu, akimbie na risasi tumboni, akateseke kichakani siku mbili kwa sababu ya ushamba wangu.

Ndiyo maana nilitaka bunduki ya wenzo. Hizi za kawaida zina komeo la kuingizia risasi upande wa kulia. Mtu wa kushoto akitaka kuingiza risasi ya pili anapitisha mkono mbele ya uso wake mwenyewe. Ya wenzo ina pete ya chuma chini ya kifyatuo. Unaishusha, unaipandisha, risasi imeingia, na haikuulizi mkono wako ni upi.

Nilikwenda dukani na mume wangu, ambaye hajui mtutu wala kitako. Alikuja kwa sababu ndiye aliyekuwa na gari siku hiyo. Muuzaji akamsalimia yeye. Kibali kilikuwa cha kwangu, nimekishika mkononi, lakini akamuuliza yeye tunatafuta nini. Nikajibu mimi. Akaleta bunduki ya wenzo, ndogo, nyepesi, akaiweka mbele ya mume wangu.

"Mkeo ataipenda hii. Haipigi teke. Akina mama wengi wanaichukua."

"Inamwangusha elki akiwa umbali gani?" nikauliza.

Akamjibu mume wangu: "Akimsogelea sana, na akibahatika."

Akibahatika! Yaani mnyama mzima wa Mungu ateseke ili bega langu lisiumie. Bega linalogeuza usukani wa basi lenye watoto arobaini kwenye barafu!

Mume wangu akaniinamia, akanong'ona kwa Kiswahili: "Mama watoto, chukua hiyohiyo, please. Na habari za kushoto usizitaje hapa. Ni aibu bwana, mkono wa kike huo."

Bunduki ya kike, mkono wa kike. Wanaume wawili, lugha mbili, tusi moja, na hata hawakuelewana wao kwa wao.

"Nipe ile ya juu," nikamwambia muuzaji. "Ya risasi nene."

"Ile ni nzito, mama."

"Sikukuuliza uzito."

Akaiteremsha. Nilipohakikisha haina kitu ndani, nikaiegemeza begani, bega la kushoto, nikalenga msumari ukutani, nikavuta pete mara tatu. Kilengeo hakikuuacha msumari. Muuzaji akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kumbe wewe ni wa kushoto?"

"Wa kushoto," nikasema, kwa sauti, duka zima lisikie. Mume wangu akaenda kuangalia soksi.

Septemba, huko msituni kaskazini, nilisema bismillahi na nikapiga mara moja. Elki alikwenda hatua sita, akapiga magoti, akalala. Mkono wangu ulikuwa umeshavuta pete na risasi ya pili iko tayari, lakini haikuhitajika. Nikamwahi na kisu, nikamchinja, kwa mkono uleule.

Jumapili iliyofuata mama aliipika nyama ya elki kwa nazi. Mkono wa kulia nimeshika mfuniko wa moto, nikampa sahani kwa huu mwingine. Akarudisha mikono yake mapajani.

"Nipe kwa mkono wa heshima."

Hapo nikachoka. "Mama, huu ndio uliomlaza huyo pofu wako! Ndio uliomchinja! Ungekuwa umefunguliwa mapema nisingepoteza miaka yote hii nikijiona nina kiungo kibovu. Kama hauna heshima, basi nyama yake usiile."

Mume wangu akaacha kutafuna. Watoto wakanyanyua macho kutoka kwenye simu. Mama akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaipokea sahani iliyojaa mchuzi mpaka ukingoni, na hata tone halikumwagika. Akachukua kijiko kwa mkono huohuo, kwa wepesi ambao sijawahi kuuona kwake.

"Wewe nilikufunga kwa kanga," akasema. "Mimi walinifunga kwa kamba ya mnazi."