F. Ndunguru Wawili

Nilikwenda Kihagara, kijiji cha kando ya ziwa, kwa sababu ya jina lililoandikwa nusu. Mimi ni mwalimu, nimehamia Mbinga kutoka Singida, na klabu yetu ya soka ilinipa ukatibu. Kazi ya kwanza ilikuwa kuandaa ubao wa rekodi za tangu enzi za ligi kuu. Daftari la zamani lilimtaja mfungaji bora kuwa F. Ndunguru, na mji mzima ulimjua: Mzee Festo, mkulima wa kahawa. Lakini kwenye picha ya kikosi cha miaka ile walikuwamo akina Ndunguru wawili, Festo na Fidelis, wala si ndugu. Fidelis, niliambiwa, siku hizi anaishi Kihagara. Mwenyekiti alinishauri niachane na mambo ya kale, fundi wa rangi anasubiri. Nikamwambia asubiri siku mbili.

Ijumaa asubuhi niliondoka Mbinga nimevaa sweta, nakala ya daftari mkobani. Gari liliteremka milima kona baada ya kona. Ziwa lilipoonekana chini, sweta nilikuwa nimeshalivua. Mbamba Bay nikachukua bodaboda kwenda kaskazini. Njiani mvua ilikuwa imekata barabara, tukaisukuma pikipiki mchangani. Dereva akapendekeza turudi. Nilikataa.

Saa nane mchana nilifika kwa Mzee Fidelis. Alikuwa akianika muhogo, mguu wa kushoto akiuburuta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na mkewe akaniwekea ugali na samaki aina ya mbasa kabla hata sijaeleza safari yangu. Nilipoeleza, mzee aliingia ndani akatoka na kitabu cha sala. Kurasa za mwisho alikuwa ameandika kila bao alilofunga, mechi na siku, kumshukuru Mungu. Tukalinganisha na nakala yangu mstari kwa mstari. Karibu nusu ya mabao ya F. Ndunguru yalikuwa yake. Kisha mguu ulivunjika, akahamia ukweni, na huko Mbinga akasahauliwa.

Nilidhani atafurahi. Akafunga kitabu.

"Mwalimu, Festo ana heshima yake kule. Mimi nina mihogo yangu. Mwache."

"Baba, sikuja kumpokonya mtu. Nimekuja kuandika kilichotokea."

Mkewe, aliyekuwa akiondoa vyombo, akasema kwa upole kwamba watoto wao hawajawahi kuamini kuwa baba yao alicheza. Hapo mzee akanipa kitabu nikipige picha.

"Basi andika na hili. Bao langu la mwisho, pasi alitoa Festo."

Jumamosi nilirudi Mbinga, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Festo kabla habari hazijanitangulia. Nilimsomea yote nimesimama. Akasema alijua tangu zamani, ila watu walipoanza kumsifu hakupata pa kuanzia. Nikamweleza habari ya ile pasi.

Akakaa kwenye gunia la kahawa.

"Bado anaikumbuka?"

Ubao sasa una majina yao kamili, kila mmoja na mabao yake, na kwa kuwa mabao yamegawanywa, juu yao yupo mwingine aliyewazidi wote wawili. Mwenyekiti alinuna, kisha akazoea. Katika safari ile nilijifunza kwamba rekodi huulizwa kwa aliyecheza, hata kama anaishi mbali.

Jumatatu iliyofuata Mzee Festo alinipigia simu kuuliza gari la Mbamba Bay linaondoka saa ngapi.