Rangi ya Siku ya Kwanza

Pale karakana ya boti walimwita Mzee Matone, kwa kuwa hakupata hata siku moja kumimina rangi. Aliidondosha kwa ncha ya kijiti, akakoroga, akatazama, akadondosha tena.

Boti ya faiba iliyokuwa mbele yake asubuhi hiyo ilikuwa ya mwanawe wa pekee, aliyekufa kwa maradhi mwanzoni mwa mwaka. Mkwewe, mjane wa marehemu, alikuwa amepata mnunuzi. Ufa wa ubavuni mnunuzi aliuona na kuukubali, mradi uzibwe kabla hajaja kuichukua jioni. Mzee aliuziba jana, akaupaka jelkoti, ile rangi nzito inayoivika faiba. Sasa alibandua nailoni aliyoifunikia.

"Mzee Matone," fundi wa injini akamtania, "leo kiraka chako kinang'aa kama bwana harusi msibani." Kisha akajing'ata ulimi, akarudi kwenye injini yake.

Mkwewe alikuwa ameleta ufunguo wa boti. Aliinama akatazama.

"Baba, hii si ndiyo rangi iliyokuwa nayo siku ile marehemu alipoileta?"

Ndiyo hasa. Fundi hulinganisha rangi na boti ilivyo, si ilivyokuwa. Lakini jana mzee hakuitazama boti. Mkono wake ulichanganya buluu ileile aliyomchanganyia mwanawe, kabla jua halijaichujusha.

"Iache tu, Baba. Mnunuzi hajali."

"Wewe je, mwanangu? Utakiona kiraka hiki kila boti ikipita mbele ya nyumba yako."

Mzee akatwaa msasa, akakikwangua kiraka chote, vumbi la buluu likamjaa kwenye nywele za mikono. Akachanganya upya. Akatia nyeupe, buluu ikapauka, ikafika mwaka aliooa mwanawe. Akatia tone la njano, ikafika mwaka aliozaliwa mjukuu. Lilibaki tone moja jeusi, la kuifikisha rangi pale mwanawe alipoiachia. Kijiti kikasita juu ya kopo.

"Jua linatupita, Baba," mkwe akasema taratibu.

"Naliona."

Mkwe akamshika kiwiko. "Tia."

Akatia.

Jioni boti iliposhushwa majini ilikuwa ya rangi moja tangu omo hadi tezi, nao wawili waligeuka kurudi nyumbani kabla haijafika mbali.