Sauti Juu ya Kabati

Mume wa fundi cherehani alipohamia kwa mwanamke mwingine, alibeba nguo zake, redio yake na hata kifungua chupa. Vitu viwili aliviacha: mbwa wake Komando, na kile kikamera cha juu ya kabati la sebuleni alichokifunga zamani ili awe anamwona mbwa akiwa safarini na lori lake. Kikamera chenyewe kina kipaza sauti. Akibonyeza simu huko aliko, anasikika huku.

Basi ikawa kila jioni kitaa cha kijani kinawaka na sauti inatoka: "Komando! Uko wapi, jembe langu?" Ungemwona mbwa yule! Anaruka, anagonga mkia kwenye miguu ya cherehani, anazunguka nyuma ya kabati kumtafuta bwana wake, anarudi, anapanda kwa miguu miwili na kukilamba kile kidude mpaka kinalowa mate. Mwisho analala chini na kulia. Mwanamume anacheka, anazima. Mkewe yupo palepale na pini mdomoni, hata hujambo hapewi.

Mwenye akili zake angeking'oa. Yeye, maskini, akajipa moyo. Alisema mtu aliyekwisha kukuchoka hachungulii kwako. Mbwa ni kisingizio tu, siku moja atamsemesha na yeye. Mdogo wake alimwambia aache kujidhalilisha, wanaume hawarudi kwa kupitia kabatini. Sikio la kufa halisikii dawa. Akawa anamaliza kazi mapema, anaoga, anapaka wanja, anakaa kwenye kochi linaloelekea kabati. Akajishonea na gauni la zambarau, rangi aliyosifiwa nayo enzi za uchumba. Kitambaa kilikuwa cha mteja. Mteja akaambiwa kimeungua kwa pasi.

Jioni aliyolivaa, alikaa chini kando ya Komando, akamkumbatia shingo ili waonekane wote wawili. Kitaa kikawaka. Safari hii sauti haikuita mbwa. Ilikohoa kwanza, na mwanamke akainua uso kuelekea kabatini.

"Hebu sogea," mumewe akasema. "Unamziba."

Akasogea. Ndiyo, alisogea, na gauni lake jipya. Kule nyuma ya mumewe sauti ya kike ikasikika ikisema mbwa ni mzuri kweli, kesho afuatwe.

Asubuhi utingo wa lori akaja na mnyororo. Komando aligoma. Alikwamisha makucha sakafuni huku amekikodolea macho kikamera, maana kwa akili yake bwana wake anaishi mle. Sasa huku nje anapelekwa kwa nani? Utingo alimburuta mpaka kucha zikatoa damu. Mwanamke hakumtetea. Alimpiga teke la mbavu, yule mbwa aliyekuwa akilala miguuni pake mwaka mzima.

"Nenda," alimwambia. "Wewe unaitwa."

Jioni alikaa kwenye kochi na gauni lilelile. Kitaa hakikuwaka, wala siku iliyofuata. Mdogo wake alipokuja kumjulia hali, alisimama mbele ya kabati akaanza kumbembeleza ale angalau kidogo. Dada mtu akachungulia pembeni yake kukitazama kikamera. Alimwomba tu asogee, anaziba.