Nilipima pickup ya gitaa kwa misumari, amplifier ya Kibondo ikaninyoosha

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Kuna jamaa juzi kauliza humu anunue pickup gani apate distortion nzuri, watu wakamjibu "chukua yenye nguvu." Nikacheka mwenyewe kama chizi, maana jibu hilo nilishawahi kujipa na likanipeleka pabaya. Nasimulia kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Yaani karibu kote.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Kasulu. Nilikuwa mpiga solo wa kwaya yetu. Biashara yangu ilikuwa kuku na vitu vya mkononi, na sifa yangu mjini ilikuwa moja: sipunjwi.

Gitaa letu lilikuwa na pickup moja. Kwa wasiojua, ni kile kidude chenye sumaku chini ya nyuzi kinachookota mlio na kuupeleka kwenye amplifier. Changu kilikuwa kidogo, kifuniko kina ufa, nimeuziba kwa rangi ya kucha ya dada yangu. Nyekundu.

Sauti yake safi, lakini ya upole mno. Mimi nilishasikia redioni gitaa linalolia kwa mkwaruzo, nyuzi kama zinaungua, na nilitaka ule ule.

Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Nashoni, hakutaka kusikia habari hizo.

"Gitaa la kanisani halikoromi," alisema. "Tunakwenda Kibondo kwenye kusanyiko la kwaya. Ukituaibisha kule, solo nampa mwingine, wewe utashika kayamba."

Kayamba! Mimi!

Wiki hiyo nikaing'oa ile pickup, nikaenda nayo gulioni Makere. Pale kulikuwa na Mkongomani mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tukimwita Papa Dieudo, anauza vipuri vya redio juu ya turubai. Katikati ya vipuri nikaona pickup nene, ya koili mbili.

"Hii iko na nguvu mubaya," akasema. "Leta majogoo mbili."

Sasa mimi sinunui kitu bila kukipima. Nikaomba misumari. Pickup yangu ilinyanyua msumari mmoja kwa shida. Ya kwake ilinyanyua rundo. Nikahesabu, nikarudia kuhesabu. Biashara imeisha hapo, nani anahitaji kusikia sauti?

"Jogoo mmoja," nikamwambia, "na hii yangu nakuachia."

"Weye unasumbua sana! Sasa amplifier yako iko ya namna gani?"

"Kubwa," nikajibu.

Akaniangalia, akacheka kwa pua, akachukua jogoo.

Nilirudi Kasulu natembea kama niliyeuza ng'ombe. Nikachimba gitaa kwa kisu hadi mdude ukaenea, nikaunga nyaya kwa msumari uliopashwa kwenye mkaa. Nikajaribu kwenye radio kaseti, volume chini kabisa ili betri zisiishe.

Wakuu, ikatoka sauti tamu, ina mkwaruzo kidogo kama mtu aliyeamka sasa hivi. Nikajisemea, kama kwa volume hii iko hivi, Kibondo watalia.

Sikupandisha volume hata mara moja. Betri ghali.

Kibondo tukapokelewa vizuri. Wenyeji wetu walikuwa kwaya kutoka Kitahana, na mpiga solo wao alikuwa dada mmoja, Edita. Kulikuwa na jenereta na mashine mbili za kuchomeka gitaa.

Ya kwanza, amplifier ya mahubiri, na spika zake za koni zimefungwa juu ya mti. Ya pili, redio ya zamani ya mbao, ile yenye taa za kioo ndani, unaiwasha halafu unaisubiri ipate moto.

"Wageni ndio wanaanza kuchagua," Edita akasema.

Kule kwetu mgeni ndiye anayepewa kilicho bora, nami sikutaka kumvunjia heshima. Nikachagua yenye koni. Ile redio niliicheka waziwazi.

Nikachomeka kwenye tundu la maikrofoni. Nikafungua volume ya gitaa yote. Kwaya ikasimama, Mwalimu Nashoni akanyanyua mkono, nikapiga uzi wa kwanza.

Sijui niseme nini. Haikuwa noti. Ilikuwa kelele kavu, inakwaruza masikio, halafu ikageuka mluzi usiokata. Mbwa wakajibu. Waimbaji wakatafuta ufunguo, wakakosa, kila mtu akashika wa kwake.

Bibi mmoja wa mbele akasimama na kitenge chake kichwani. "Yemwe! Nani kawasha mashine ya kusaga kanisani?"

Kanisa zima likaanguka kicheko. Nikapunguza volume kwenye amplifier, kelele ikawa ile ile, ndogo tu. Tukamaliza wimbo bila gitaa.

Kisha akapanda Edita. Akachomeka kwenye redio, akaisubiri ipate moto.

Akipiga taratibu, sauti safi. Akikaza mkono, inaanza kuungua polepole, nene, tamu, bila kuchanika. Ule mkwaruzo wangu wa redioni! Watu wakatoka kwenda kumtunza, wengine wanapepea vitambaa. Na mimi nikapiga makofi, nikanyoosha shingo nione gitaa lake.

Chini ya nyuzi kulikuwa na pickup ndogo. Ina ufa. Ufa umezibwa kwa rangi ya kucha, nyekundu.

Baada ya ibada nikamfuata. "Dada Edita, nikupe hii yangu kubwa unirudishie hiyo ndogo?"

Akaitazama. "Ile ya mashine ya kusaga?"

"Ego, ndiyo hiyo."

"Ongeza majogoo mawili."

Nikaomba iwe jogoo mmoja. Akafunga gitaa lake, akaondoka. Kwenye lori la kurudi Kasulu, Mwalimu Nashoni alinifuata nilipokaa. Alinipa kayamba tu, nikalipokea kwa mikono miwili.

Nilikuja kuelewa baadaye. Tundu la maikrofoni linasubiri mnong'ono, nami nikapeleka ngurumo. Mlio ulishaharibika mlangoni, kupunguza mbele hakusaidii. Amplifier za transista za namna ile zikizidiwa zinakata sauti kama kwa panga, za taa zinaikunja taratibu. Na koni imetengenezwa kwa sauti ya mhubiri, siyo nyuzi. Kwa hiyo jamaa uliyeuliza, kwanza tuambie una amplifier gani, na ukipata pickup, ijaribu kwa volume utakayopigia. Misumari iache kwa fundi seremala.

Wajuzi nirekebisheni nilipokosea, na kama kuna aliyekuwepo Kibondo siku ile, naomba anyamaze.

Mwenye redio ya taa anayotaka kuiachia aje PM. Majogoo mawili, sibishani.