Kikombe Alichokiweka Ami

Ami yangu, ndugu wa baba, alikuwa mshauri wa kasri Unguja, hata mapinduzi yakatutupa Maskati mikono mitupu. Mwanawe wa pekee, msichana, alibaki kule. Kuingia Maskati miaka ile kulitaka ruhusa ya wakubwa, na ruhusa hiyo ndiyo ami aliyoiota usiku na mchana.

Lakini mtu yule na dhana zake! Muuza samaki akimsalimu mara mbili, basi jasusi. Jirani akileta halwa, tuonje sisi kwanza. Ukimcheka, anakutolea hadithi ya mshauri wa mfalme wa Uchina, aliyohadithiwa na Mchina mmoja mwenye duka Unguja. Mshauri alitumikia mpaka meno yakamtoka, akaenda zake shamba kulima maboga. Mfalme akafa, akatawala mwanawe. Siku moja ikaja zawadi ya mvinyo kutoka kasri, na mjumbe kasimama pale pale amwone akinywa. Akanywa, akafa.

"Fitina zote kazivuka," ami akisema, "kaja kumalizwa na kikombe." Mie hadithi ile ilinichosha, wallahi.

Basi tukaitwa na mzee mmoja wa Maskati ambaye neno lake halikuwa likikataliwa katika kasri ya huko. Hatukumwomba atuite. Njia nzima ami ananung'unika, "Kanijuaje? Nani kamwambia?"

Ikaletwa tende na kahawa. Mie nikanywa. Ami akakipokea kikombe, akakinusa, akakiweka chini kimejaa vile vile. Wote waliokaa majlisini wakamgeukia mzee.

"Sema haja yako," mzee akamwambia.

Ami akabadilika rangi. "Sina haja."

"Sema, usione haya. Umemwacha mtu Unguja?"

Nikamfinya paja. Aa wapi!

"Sina mtu Unguja."

Nilitaka kulia kwa hasira. Lakini mkubwa wangu keshasema, nami nifungue mdomo vipi mbele za watu? Mzee akamwambia anywe basi kahawa yake. Hakunywa, tukaaga.

Nyumbani mke wangu, mzaliwa wa Maskati, akajipiga kifua. "Toba! Mgeni akiiweka kahawa bila ya kuinywa, huku kwetu ndiyo kasema ana haja, na mwenyeji lazima amtimizie. Alikuwa anataka kukupeni!"

Sisi wa Unguja tungejuaje? Kahawa kwetu ilikuwa ya kunywa tu na kuzungumza.

Asubuhi yake tulirudi mbio. Bawabu akatujibu mlangoni, "Bwana anasema nyinyi hamna mtu Unguja." Tulikwenda tena na tena, jibu lile lile. Msichana hakuja.

Ami hakuihadithia tena hadithi ya Mchina. Siku moja, baada ya sala ya alasiri, alimwomba mke wangu kahawa. Akaipokea, akaiweka chini mbele yake, imejaa.

Mke wangu akanitazama, kisha akamwuliza taratibu, "Una haja gani, ami?"

"Namtaka mwanangu."